Msoma Kipimo

Kila saa moja asubuhi, na tena saa kumi na moja jioni,
nashuka darajani Koru, daftari ndani ya mfuko wa nailoni,
kuusomea mto urefu wake.
Kipimo kimepakwa nyeusi na nyeupe kama pundamilia;
nambari zimeliwa na kutu, lakini nazijua kwa moyo.
Naandika: sifuri nukta sita nane.
Nachota chupa moja, nabandika tarehe.
Mwisho wa mwezi pikipiki ya ofisi ya maji huja kuzichukua.
Posho huja ikijisikia.

Miaka tisa.
Nimeuona mto huu mwembamba kama uzi wa ndoana,
nimeuona ukibeba mlango mzima, kufuli bado limefungwa.
Nilijiona karani tu.
Karani haulizwi mali anayohesabu imetoka wapi.

Mwaka huu mvua ilichelewa, kisha ikaja na hasira za aliyecheleweshwa.
Jumatano nilipanda.
Shamba langu liko mteremkoni, na mistari niliishusha kwa ng'ombe
kutoka juu hadi chini, kama alivyoishusha baba,
imenyooka, ya kupendeza macho.
Mbolea nilikopa kwa Onditi, mfuko wa kilo hamsini,
punje za kijivu, kifuniko cha soda kila shimo.
Usiku mvua ikapiga bati hadi tukashindwa kusikizana.

Alhamisi, saa moja: mbili nukta moja tano.
Chupa ilitoka nzito kama uji wa wimbi.
Niliiinua kwenye mwanga, nikaitikisa,
nikaujua ule wekundu.
Mtu huujua udongo wake
kama anavyoujua mgongo wa mwanawe gizani.
Shamba langu lilikuwa likipita chini ya daraja,
na deni la Onditi limo ndani,
bila hata kugeuka kuniaga.

Nikaandika nambari.
Fomu ina safu ya saa, safu ya kina, safu ya mvua.
Haina safu ya aliyefanya.

Jioni dada yangu Apondi akapiga simu kutoka Usoma.
Gugumaji limefunga ufuo, anasema, mashua hazitoki,
omena wanauzwa bei ya nyama.
"Na lilivyonona! Majani kama masikio ya ndama.
Sijui linakula nini."
Nilinyamaza hadi salio lake likaisha.

Wekhomo, bwana shamba, alikuja na miti mitatu, uzi na jiwe.
Akaifunga miti ikawa na miguu miwili,
tukaitembeza kilimani kama tunayemfundisha mlevi kwenda.
Jiwe likitulia katikati, kigingi.
Vigingi havikunyooka. Vilipinda pale kilima kinapopinda,
na mimi, mtoto wa mistari, nikaona aibu watu wakipita.
Tukachimba mitaro ya fanya juu,
kila sepetu ya udongo ikitupwa juu ya mtaro, mgongo ukikataa,
na kwenye tuta tukapanda majani ya tembo.
Mistari sita ya mahindi ikaenda. Mke wangu aliihesabu mara mbili.

Arap Metto akasimama uani kwake.
"Unarusha udongo juu? Utashuka tu. Kila kitu hushuka."

Ni kweli. Sikuwa na jibu, nilikuwa na sepetu.

Mvua ya Agosti: moja nukta tisa sifuri.
Nikachota. Nyekundu vilevile.
Kilima kina mashamba kama mia mbili, mimi nina moja;
nilikaribia kuitupa chupa, daftari na posho yao.

Nikapanda nyumbani nimelowa.
Mtaroni maji yalikuwa yamesimama.
Hayakuwa na haraka. Tope lilikuwa limelala chini, limejifunika,
na juu yake niliviona vidole vyangu vya miguu, vyote kumi,
na punje moja ya kijivu ambayo haikwenda Usoma.

Nilichota chupa ya pili, isiyoagizwa na ofisi.
Nimeiweka dirishani kando ya ile ya darajani.
Arap Metto amepita mara mbili tangu asubuhi.
Hajauliza kitu.
Anapunguza mwendo.