Niliyeshika Waya

Mimi ndiye niliyekaa nyuma ya pazia
usiku ule, Wete, juu ya duka la Shaame,
waya mkononi, amplifaya mbili magotini.
Moja ya taa, wengine husema valvu,
nzito kama gunia la karafuu mbichi,
vioo vyake vinne vikiwaka rangi ya embe bivu.
Ya pili ya transista, nyepesi, baridi,
imeshuka Mkoani juzi na risiti yake.

Ugomvi ulikuwa wa miezi.
Machano, mpiga besi wetu, alishikilia
kwamba besi ya taa ina nyama,
ya transista mifupa mitupu.
Ussi wa fidla akamjibu:
nyama hiyo unaila kwa macho.
Na klabu ilikuwa na pesa ya kutengeneza moja tu.

Basi tukatundika kanga mbili za Bi Mauwa,
maandishi tumeyageuzia ukutani
asije mtu akayasoma akayafanya fumbo.
Fundi Vuai akaja na kipimo chake cha sindano,
akapunguza huku, akaongeza kule,
mpaka sauti mbili zikalala mstari mmoja.
"Iliyozidi kelele," alisema,
"sikio huapa kuwa ndiyo tamu."

Zuwena akapiga besi. Mkono uleule,
nyuzi zilezile, kipande kilekile kifupi
kinachoshuka ngazi tatu kisha kikasita.
Machano amekaa upande wa pili, kwenye mkeka.
Mara ya kwanza, akapata.
Ya pili, akapata.
Ya tatu, akapata, na watu wakaguna.

Bi Mauwa alikuwa akimtazama pua.
Pua ilikuwa inacheza.
Taa zikipata moto huchoma vumbi,
na vumbi la miaka ishirini lina lake la kusema.
Hakudanganya, maskini. Alisikia kweli.
Lugha yetu ndiyo iliyomfichia:
harufu nayo husikiwa.

Chetezo kikaletwa, udi ukapanda hadi darini.
Tukaanza upya.
Akakosa. Akapata. Akakosa.
Akapata, akakosa tena,
kama shilingi inayorushwa na mtoto asiye na haraka.
Ussi akacheka, kisha akaacha kucheka,
maana alijaribu yeye, akawa vilevile.

Sasa niseme la mwisho, ambalo Vuai halijui.
Aliniashiria nibadilishe.
Nikabofya swichi, tak, wasikie wote,
lakini waya sikuutoa.
Ulibaki palepale, kwenye transista.

Zuwena akapiga.
Machano akafumba macho.
"Hii," alisema. "Hii ndiyo.
Sikilizeni inavyofunguka kifua."
Akamtaja Pandu, kaka yake,
aliyeibeba ile ya taa begani kutoka Tanga
na akafa kabla hajamaliza kuilipa.
Akasema Pandu alikuwa akiifuta kila Ijumaa
kwa kitambaa cha kanzu yake ya zamani.
Hakuna aliyemkatiza.

Nami nilikuwa pale, mkono kwenye waya.
Mkono ulijua.
Niliuona mwanga wa embe bivu
ukimulika vidole vyangu bure, haufanyi kazi yoyote.
Na sauti iliposhuka ngazi ya tatu, ikasita,
nikaisikia nyama.
Wallahi niliisikia,
nzito, ya moto, imezunguka mfupa.

Vuai aliandika daftarini: haijulikani.
Pesa zikakaa wiki mbili kwa mshika fedha,
kisha tukanunua waya mpya,
kwa sababu ule wa zamani ulikuwa unakwaruza
katika amplifaya zote mbili,
na hilo kila mtu alilisikia.