Namba za Vipuri

Kazi yangu ni kulala chali.
Spana mkononi, tochi mdomoni,
nafungua bolti zilizokaza miaka ishirini
ili mashine ihame.
Mimi Eleuterio Cavazos, fundi wa Reynosa,
nalipwa kwa kila mashine, si kwa saa.

Pell Creek, Ohio, mwezi wa pili,
theluji imekuwa tope mlangoni.
Walinipokea kwa kahawa na kimya.
Mgeni njoo, mwenyeji apone;
nilikuja, na mwenyeji
akaanza kupanga vikombe vyake kwenye boksi.

Darlene Wojcik alikuwa na mto wa kiti
alioushona mwenyewe, wa maua ya njano.
Aliukung'uta, akauweka juu ya mashine namba 114.
"Atakayekaa hapa, mwambie kiti kinauma kiuno."
Hakunitukana.
Afadhali angenitukana.

Nikaingia chini ya meza.
Pale ambapo rangi haikufika
mtu alikuwa amekwaruza kwa msumari:
4.10
5.35
7.80
kistari kirefu, neno MGOMO,
11.25
16.40
na baada ya hapo, chuma kitupu.

Wakati wa kwenda, mpakani,
nilisimamishwa saa tatu, nikavuliwa viatu.
Wakati wa kurudi mashine ilipita kwa dakika kumi.
Haikudaiwa ushuru, haikuulizwa inakwenda kwa nani;
askari aliipiga kofi ubavuni
kama ng'ombe aliyenona.
Biashara huria, wanasema.
Ni kweli. Chuma kilikuwa huru, nilikiona kwa macho yangu.

Reynosa tuliifunga karibu na dirisha lisilofunguka.
Yesenia Barrientos, miaka kumi na tisa,
akaukalia mto wa maua ya njano.
Ncha elfu nne za nyaya kwa zamu.
Choo mara mbili, kwa kibali cha plastiki
kinachoning'inia kwenye msumari,
kibali kimoja, wanawake sitini.
Siku moja aliangusha kibano, akainama kukitafuta,
akaibuka na swali:
"Don Tello, namba hizi ni za nini?"
"Namba za vipuri," nikasema.
Nilikuwa na watoto watatu na deni la mabati.

Hakunisadiki.
Mtu anayelipwa 1.05
huitambua pesa hata ikivaa nguo za kuazima.

Mwaka ule kule Ohio walisema tumewaibia.
Nasi tukasema walizoea kula peke yao.
Panzi wakapigana magazetini,
na kunguru, ambaye ofisi yake haina mji,
alishiba pande zote mbili.

Yesenia alikusanya sahihi mia mbili na kumi
kwenye karatasi za kufungia tortilla.
Walikunja mikono siku nne.
Ya tano, lango likafunguliwa kwa wote
isipokuwa kumi na saba,
na majina ya hao kumi na saba yakaingia kwenye orodha
ambayo kila kiwanda cha ukingo ule wa mto
huisoma kabla ya kusema habari za asubuhi.
Waliobaki waliongezwa senti kumi na tano.
Nami nilikuwa miongoni mwa waliobaki.

Leo nimerudi chini ya meza ileile.
Meneja anasema Villanueva, Honduras;
mkataba mpya umetiwa saini, na watu wa huko "wana nidhamu".
Ameniachia kopo la rangi ya kijivu:
paka kote, ionekane imetoka dukani.
Naelekeza tochi.
Chini ya 16.40, kwa mwandiko mwingine:
1.05
kistari kirefu, alama nne ndogo,
1.20

Napaka miguu. Napaka ubavu na kifuniko.
Kopo linakauka,
au mimi nasema limekauka.

Villanueva. Joto la kulowesha spana.
Mto ulipotea njiani, kuna kipande cha boksi kitini.
Nohelia, beji yake bado inanukia plastiki,
anainama kuokota kibano
na anakawia huko chini.
"Fundi, namba hizi ni za nini?"

Nafunga kisanduku cha vifaa.
Msimamizi yuko hatua kumi, mgongo ametupa.
"Mishahara," namwambia.
"Anza kusoma kutoka juu."