Nguzo ya Kati

Stima Arua imekatika tangu alfajiri.
Onzima, fundi wa nguzo, anacheka akiingia:
"Leo msinilaumu, sista. Mimi niko hapa."

Ameleta lalamiko dogo, lenye aibu kidogo.
Koleo akiliweka kulia linatoweka,
akilihamishia kushoto, huko nako hakuna koleo.
Mabega yamechubuka kwa miimo ya milango.
Driciru mkewe akimjia kwa ubavuni
anaruka kama aliyeona mzimu.
"Nipe miwani tu," anasema,
kisha anasoma ubao hadi mstari wa mwisho,
na chini yake jina la kiwanda lililofifia.

Basi navuta kigoda. Goti kwa goti.
Ziba jicho moja. Tazama pua yangu, usiihame.
Naingiza polepole, kutoka pembeni,
pini yenye kichwa chekundu.
Sasa?
Bado.
Sasa?
Bado, sista, au hujaanza?

Nimeanza zamani. Pini imekwishapita sikio langu,
imepita shavu, iko karibu na pua
ndipo anaposema: "Hiyo."
Jicho la pili, vivyo hivyo.
Usiku wa nje huku, usiku wa nje kule,
katikati ushoroba, na yeye ndani yake anatembea wima.

Namuuliza: mji ukiwa gizani, wewe unaanzia wapi?
Anashangaa kwamba kuna asiyejua.
"Siangalii taa. Naangalia giza lina umbo gani.
Nyumba moja imezima? Waya wake.
Mtaa mzima? Transfoma.
Giza lenyewe ndilo linaloniambia nipande nguzo ipi."

Ningemkumbatia, kama si kazi.

Kwa miaka kumi na tisa nasoma giza la watu
na sijawahi kuona ndani ya kichwa hata kimoja.
Mwalimu mmoja wa Vurra alipoteza kushoto kote,
kwa jicho hili na kwa lile, sawasawa,
akabaki na kijisarafu cha nuru katikati
alichosomea madaftari ya watoto, neno kwa neno.
Nikaandika: kisogoni, upande wa kulia,
maana ubongo hupokea mizigo ya upande wa pili.
Na bibi wa Ombaci, pembe moja ya juu ya anga
imenyofolewa kama kona ya chapati;
huyo waya wake ulikatika mbele zaidi,
pale unapojikunja usawa wa sikio.
Jicho moja likizima peke yake, sivuki njiapanda,
natafuta hukohuko lilikozimia.
Wote walikuja wakidai miwani.

Nachora nyuma ya kadi yake:
nyumba mbili, waya mbili, zinakutana,
nusu ya nyuzi zinavuka, nusu zinabaki upande wao.
Zinazovuka ndizo zinazobeba ya nje.
Chini ya makutano natia kitone,
tezi, ndogo kama punje ya kunde,
isipoamua kukua.

Hapo namtazama mikono.
"Pete yako iko wapi?"
"Ilikatwa kwa msumeno, mwaka jana. Kidole kilinenepa."
"Na viatu?"
Anavitazama, vipya, vikubwa. Hajibu.

"Kwa hiyo balbu ni nzima," anasema baadaye.
"Ni nzima."
"Basi ni nguzo ya kati."
Kalamu yangu haikuwa imefika hapo.

Namwandikia barua ya Kampala:
tafadhali mpigeni picha ya kichwa,
tazameni chini ya njiapanda.
Mistari mitatu, na muhuri uliokauka wino.

Driciru alinipigia simu wakiwa njiani.
Walikuwa wamevuka daraja la Pakwach.
Yeye, alisema, aliona chuma tu, na lami mbele,
akaniuliza: Nile tutaifikia saa ngapi?
Nikamwambia tuko juu yake.
Akanyamaza. Nikamshika kidevu, sista,
nikamgeuza uso dirishani,
taratibu,
mpaka maji yakaingia.