Mzunguko wa Nne

Pikipiki hizi hazina breki; ndivyo tulivyozipendea.
Zinaingia kona kiubavu, vumbi jekundu linaturukia
mpaka ndani ya chai ya Glenys, naye huinywa vivyo hivyo.

Leo mwendeshaji wetu namba tatu ni wa kuazima;
Jumatano alivaa rangi za wapinzani.
"Sasa nimzomee au nimshangilie?" anauliza, wala hacheki.

Hapa Marfield siku hizi
safu nzima ni yetu wawili, na begi.
Nyuma ya uzio wapimaji wamekwishachomeka vigingi:
nyumba mia mbili, na njia yake itaitwa, eti,
Mtaa wa Spidiwei.

Mvua inaanza. Hakuna anayeondoka.
Glenys anafunika karatasi ya matokeo kwa mfuko wa mkate,
kalamu mkononi,
anasubiri mzunguko wa nne.