Mita Sita

Ardhi ni kioo, alisema baba,
akijifuta grisi kwa fulana kuukuu.
Wimbi hushuka, hugonga udongo mbichi, hupanda tena
likakutane na lile lililotangulia.
Yakipatana, sauti hunenepa.
Yasipopatana, huuana papo hapo juu ya paa.
Yote ni kimo, mwanangu. Kimo tu.

Waya wetu ulikuwa mita sita kutoka chini,
huku umefungwa kwenye dohani,
kule kwenye mlenga uliopindwa na upepo wa Patagonia.
Maneno ya baba yalipaa wima,
yakagota mbinguni, yakatunyeshea sisi wenyewe
na majirani, hadi ng'ambo ya milima
kwa shangazi Herminda,
kilomita mia na ishirini, bila barabara theluji ikianguka.
Kila siku saa sita mchana:
Kondoo wangapi wamekufa?
Goti je?
Goti ni lile lile, Eliseo.

Kisha akanunua nguzo ya pampu iliyovunjwa.
Mita ishirini! Nusu ya wimbi zima!
Tuliisimamisha watu wanne na trekta moja,
nami nikishika kamba ya kusini, viganja vikichunika.
Usiku ule wimbi likalala ubavu,
likateleza likilamba upeo wa dunia,
na bwana mmoja wa Hokkaido, Tadanobu,
akasema anamsikia baba kama yuko chumba cha pili.
Baba alicheza na soksi zake jikoni.

Saa sita mchana, mvumo mtupu.
Kesho yake, mvumo.
Alibadili fyuzi, akalaumu jua, akalaumu betri ya Herminda.
Usiku akaipata Hokkaido tena, wazi kabisa,
wakazungumzia hali ya hewa.

Siku ya tisa akaja mpanda farasi,
barafu imemganda masharubuni.
Hakushuka hata kunywa maté.
Doña Herminda anauliza, alisema,
kaka yake alizikwa lini,
na kwa nini hakuambiwa.

Baba hakujibu. Alichukua spana,
akapanda ngazi ya chuma kwenye upepo ule,
nami nikahesabu vidato kwa hofu.

Nguzo ingali imesimama. Juu yake hutua mwewe.
Waya tuliurudisha kwenye dohani, mita sita,
na kesho yake saa sita mchana
baba alibonyeza kitufe, asiseme kitu,
mpaka mvumo wenyewe ukauliza:
Ni wewe?