Faini

Neno hili tulilipokea likiwa na uso mmoja:
uso wa karani wa mahakama, miwani puani,
kitabu cha risiti mkononi.
Umekosa. Lipa. Chukua karatasi yako, nenda.
Hatukuambiwa kwamba kwao lina ndugu.

Ndugu zake nimewakuta Morecambe,
mji wa pwani, kaskazini mwa Uingereza,
mwezi wa Machi, bahari imejiondokea maili nzima
ikaacha mchanga.
Mchanga ule, mwembamba wa kupenya soksini, ni faini.
Mvua isiyonyesha wala kukatika,
inayokulowesha kabla hujaiona, nayo ni faini.
Jua likichungulia robo saa
na watu wakafungua makoti, wakaketi ukutani na chipsi zao,
basi siku yenyewe imekuwa faini.
Vikombe vya marehemu bibi, visivyoguswa ila Krismasi: faini.
Na mtoto akikivunja kimoja,
mama hushika kiuno: kazi faini hiyo uliyofanya!
Hapo ujue neno limegeuza shati,
mshono uko nje.

Sasa njoo maktaba, Alhamisi, saa nne asubuhi.
Mezani yupo Enid Postlethwaite,
mwaka wa ishirini na sita,
kidole gumba cheusi kwa wino wa muhuri.
Anaingia Alwyn Birkett, kofia mkononi,
kwapani kitabu cha ufumaji
kilichotakiwa kurudi Novemba.

"Hali yako, bwana Birkett?"
"Faini."
Enid anatazama kalenda, anahesabu kwa midomo.
"Na faini ni pauni nne na peni themanini."
"Faini," anasema mzee, akipapasa mfuko.

Mgeni angedhani wanafundishana kuhesabu
na wamekwama kwenye moja.

Jina lililoandikishwa si la Alwyn. Ni Nora.
Enid analisoma, halafu analikumbuka:
gazeti la Februari, ukurasa wa nyuma,
herufi faini, za kusomwa kwa kuinamia.
Kati ya kurasa mbili kuna tiketi ya basi,
na juu yake, kwa penseli:
safu ya 42, mkono wa kushoto.

"Lile sweta," anauliza Enid, na papo hapo anajuta,
"lilifika wapi?"
"Lina mkono mmoja," anasema Alwyn.
"Nalivaa ndani ya koti. Halionekani. Ni faini."

Usiwacheke.
Sisi je? Nyumba ya mtu imeungua usiku,
asubuhi ukimuuliza habari
atakwambia nzuri, kwanza nzuri,
ndipo akusimulie moto.
Sijambo, twasema, sina jambo,
na mambo yametufika kooni.
Kila lugha imeweka kizuizi mlangoni
na mlinzi wake hapokei maelezo.
Unatoa neno lako dogo, lenye kutu,
unaruhusiwa kupita na mzigo wako
bila kufunguliwa.
Labda ndiyo maana lile la karani na lile la mjane
yanatamkwa sawasawa.
Labda sivyo. Wanaojua asili ya maneno
watanisahihisha, nami nitalipa.

Enid angeweza kumsamehe.
Kanuni ipo, karatasi ya kijani, droo ya pili,
sababu: msiba.
Hakuifungua droo.
Alizipokea pauni nne, akazipanga,
akazihesabu peni themanini moja moja,
maana kumsamehe kungekuwa kumwambia najua,
mbele ya watu, naye amevaa koti hadi kifungo cha juu.
Akapiga muhuri. Akamkatia risiti.
Ndani ya risiti iliyokunjwa
akamrudishia tiketi ya basi.

Nje, mvua ile ile.
Alwyn alivuka barabara kuelekea ukuta wa bahari,
na kama ungemtazama kwa nyuma, polepole,
ungeona bega moja la koti
limejaa kuliko jingine.