Kanuni ya Tatu

Ubao wetu umeliwa na jua.
Miaka kumi na tisa umeitazama hori ya Tudor
bila kofia,
na mimi, kwa kuwa ndimi katibu
na mwandiko wangu husomeka hata kwa asiye na miwani,
nimekabidhiwa kopo la rangi ya buluu:
andika upya, Swabra, mashindano ni Jumamosi.

Marehemu Fundi Shebwana alizitunga kwa mizani.
Kanuni isiyo na vina, alisema,
ni msumari usio na kichwa.

Ya kwanza naifuata kwa kidole:
    Chombo hubebwa begani, na mzima na mchovu,
    asobeba tangu ndani, haketi, hata kwa nguvu.
Ndiyo maana Hamadi, na umeneja wake wa benki,
huja bandani viatu mkononi kama sisi.

Ya pili:
    Kasia si fimbo yako, lioshe maji matamu,
    chumvi huuma mwenzako, kesho, usipofahamu.
Hii niliisoma kwa malengelenge
kabla sijaisoma kwa macho.

Ya nne ilikingwa na maboya yaliyotundikwa juu yake:
    Anenaye ni mmoja, naye ni wa usukani,
    wengine, hata na hoja, ulimi ni mfukoni.
(Mbodze, mwalimu wa hesabu, mfuko wake umetoboka.)

Lakini ya tatu!
Ya tatu ni weupe mtupu, na huko mwishoni,
kama sisimizi aliyekataa kufa,
silabi moja:
ji.

“Maji,” Hamadi akasema papo hapo.
“Hapana wa kurejea, mwenzi ali kwenye maji.”
Hakuna aliyebisha. Sote tulikuwapo siku ile
mkondo wa chini ya daraja la Nyali ulipompindua,
tukamzunguka hadi akapata pumzi ya kututukana.

“Mtaji,” akasema mweka hazina.
Tukacheka. Mdaiwa wa kwanza ni yeye.

“Uji,” akasema Nyevu, mwiko mkononi.
“Mimi nilimshikia kopo akiandika.
Asokuja kwa wakati, asinyimwe wake uji.”

“Anyimwe!” Mbodze akaruka. “Anyimwe wake uji!
Watatu wapigwe baridi kwa usingizi wa mmoja?”

Nikahesabu kwa vidole. Ya Nyevu, nane.
Ya Mbodze, saba; mizani imepwaya.
Naye akafumba jicho moja, kama mbele ya ubao wa darasa:
“Anyimwe hata na uji. Nane. Haya, niambie.”

Mtondoo mzima tuligombania
hicho kisilabi, *si*.

Mimi nilinyamaza.
Mwaka juzi nilifika saa moja na nusu,
natoka Makadara, wodini,
kanga ya mama ingali begani mwangu
na mwenyewe hayupo tena wa kuidai.
Mashua ilikwisha shushwa.
Watatu wameketi, kiti changu kitupu,
makasia yamelala juu ya maji.
Hakuna aliyetazama saa.
Mbodze, huyu huyu Mbodze,
alivuta mguu nipite.
Sikubeba. Niliketi.
Tukavuta kuelekea Mikindani,
na kwa kuwa mpiga kasia huona atokako tu,
niliutazama mji ukipungua, paa kwa paa,
hadi mtu hawezi kujua lipi lilikuwa la hospitali.
Tuliporudi, bakuli langu
lilikuwa limefunikwa kwa sahani.
Sijui nani. Sikuuliza.

Basi nimeandika ya kwanza, ya pili, ya nne.
Pa tatu nimeandika *ji*, kubwa, buluu,
nikauacha weupe wake.

Leo asubuhi Dzame, mwanachama wa wiki moja,
kafika mashua imeshaoshwa,
anahema, kandambili moja imekatika,
na kwa kukosa la kusema akauelekea ubao:
hapa pamefutika nini?

Mbodze akatazama saa.
Nyevu akamtupia kijiko.